Simu Nimezima, Ukinitaka Andika

3 Agosti

Mume wangu,

Salamu utanisamehe, leo sina. Nimezima simu na sitaiwasha mpaka makoti ya shule yatoke mikononi mwangu. Ukinitaka, andika. Dereva wa lori la kiwanda chenu anapita hapa, mpe yeye barua, kama mimi ninavyompa hii.

Najua utauliza kwa nini, kwa hiyo nakwambia sasa usije ukauliza mara mbili. Jana asubuhi nilikuwa natandika kitambaa mezani ili nikate vipande vya mbele. Kitambaa hiki kina uso unaong'aa na mgongo usiong'aa. Unatandika viwili viwili, uso kwa uso, ili mkasi ukipita upate kipande cha kulia na cha kushoto. Hata mwanafunzi wa cherehani analijua hilo. Nimefika katikati, simu ikalia. Wewe. Ulitaka kunijulisha kwamba kwenu mvua imenyesha. Nikarudi mezani, ikalia tena. Wewe tena. Shati lako la bluu liko wapi. Shati liko huko huko kwenye begi lako, mimi niko huku, na wewe unaniuliza mimi! Nimekuelekeza mfuko gani wa begi, ukanishukuru, ukaanza habari za paka wa stoo. Nilipokata simu nikaendelea kutandika nilipoachia, kichwa kikiwa kwenye begi lako, na kila kitambaa nikakilaza uso juu. Kisha nikakata.

Nimepata mbele za kushoto tupu. Rundo zima. Nusu yake nitaitumia, nusu ni matambara. Ya kulia sina hata moja.

Tangu unioe nimeshona viraka na zipu za watu. Hii ndiyo mara ya kwanza mtu amenipa kazi ya fundi. Mwalimu mkuu alinieleza bila kuzunguka: makoti yote yakiwa tayari tarehe thelathini, kazi ya shule ni yangu mwaka hadi mwaka. Yasipokuwa tayari, yeye anarudi kwa kampuni yake ya zamani na mimi narudi kwenye zipu. Sasa lazima niende nikamwambie nimeharibu kitambaa chake, na siwezi kumwambia ni kwa sababu ya paka.

Nina hasira, na hasira haishoni mstari ulionyooka.

Mkeo


7 Agosti

Mke wangu mpenzi,

Barua yako nimeipata, nimeisoma, nimekusamehe ukali wake.

Imefika wakati mzuri. Wiki hii kiwanda kimetupeleka sisi wasimamizi wa stoo kwenye semina ya matumizi ya muda. Mkufunzi ni mtu aliyekwenda mbali. Alituambia adui wa muda wako ni wewe mwenyewe, na mtu asiye na ratiba ni gari lisilo na usukani. Nilipomsikia nikakufikiria wewe. Mke wangu, tatizo lako si simu. Tatizo lako ni mpangilio.

Nimekutengenezea ratiba, nimekaa nayo jioni nzima. Utaamka saa kumi na moja alfajiri. Kazi nzito uifanye asubuhi, akili ikiwa mbichi. Saa sita upumzike, na hapo uwashe simu tuzungumze mpaka saa saba. Saa kumi unaweza kuiwasha tena kidogo, kwa dharura. Jioni, baada ya kula, tunafanya tathmini ya siku yako, nitakuwa nakuuliza na wewe unajibu. Ukifuata hivi, makoti yatajishona yenyewe.

Ila la kuzima simu sikubaliani nalo. Simu ya mke wa mtu haizimwi hivi hivi. Watu wakiniuliza hali yako nawajibu nini? Nami ni binadamu, nikipiga nikaambiwa haipatikani, nakaa na maswali.

Shati nimeliona. Lilikuwa pale pale uliposema.

Mumeo akupendaye


7 Agosti

Dada yangu,

Hii anakuletea dereva yule yule, lakini isome peke yako. Na kwa mara ya kwanza maishani mwako, usitangaze. Sisi hatukukuita Redio bure.

Wifi yako amezima simu. Anasema ni kazi. Labda ni kazi. Lakini mwanamke mwenye kazi tu huzima simu mchana kutwa? Anakwenda kununua vifungo na uzi, anaingia kwenye maduka, anaongea na watu. Kuna yule mwenye duka la vifungo anayecheka cheka. Mimi niko huku kwenye stoo ya mabati, sioni kitu.

Nenda kwake kila siku. Jifanye umepita kusalimia, kisha kaa. Angalia nani anaingia na nani anatoka. Muulize taratibu vifungo ananunua kwa nani, anapelekwa na nani, anacheka na nani. Usiseme nimekutuma. Akijua, atanitoa roho.

Kaka yako


14 Agosti

Mume wangu,

Ratiba nimeipokea. Nimeisoma nikasimama, nikakaa, nikaisoma tena. Saa zangu zote umezigawa vizuri sana, na kila penye nafasi umejiweka wewe. Huyo mkufunzi wenu hakuwaambia kwamba mtu anayemtengenezea mwenzake ratiba bila kuulizwa naye ni mwizi wa muda? Makoti yatajishona yenyewe! Njoo basi uyashikie taa yakijishona.

Kwa mwalimu mkuu nilikwenda. Alivua miwani, akaniangalia, akavaa, akaniangalia tena. Nilimwambia ukweli, kwamba nilikatishwa kazi nikapoteza mpangilio wa kitambaa. Aliniuliza, "Na mlango wako hauna kitasa?" Akanipa jora la mwisho, hakuna jingine la rangi ile popote, kiwanda chake kimeshaacha kulifuma. Kutoka humo nakata mbele za kulia peke yake, na nakata kwa kupumua kidogo kidogo.

Ningekuwa nimeshafika mbali kama si dada yako. Sijui ana nini mwezi huu. Zamani alikuwa akipita mara moja moja, anakunywa maji, anaondoka. Sasa kila siku nikifungua mlango Redio yuko kwenye kiti. Anakalia kitambaa. Ananionyesha kwenye simu yake mtu anaanguka kwenye tope, nisipocheka anadhani sikuona, ananionyesha tena. Na maswali! Vifungo unanunua kwa nani? Ulikwenda peke yako? Mwenye duka alikuhudumia mwenyewe? Juzi nilikuwa napiga pasi koti lililokaribia kwisha, akaniuliza tena habari za vifungo, nikageuka kumjibu kwa heshima maana ni wifi yangu, pasi ikabaki pale pale. Imeunguza kifua. Cha kulia, bila shaka. Vya kushoto ninavyo vya kuvalisha jeshi.

Nililia. Yeye akalia pia, nikaacha kulia kwangu nikaanza kumbembeleza. Hilo nalo ni kazi.

Nikimfukuza mtasema nina kiburi. Nakuomba wewe ndugu yake uzungumze naye, mpigie, wewe unaweza kupiga simu. Mwambie aniache mpaka mwisho wa mwezi. Hilo tu. Usinitengenezee kitu kingine chochote.

Mkeo


16 Agosti

Kaka,

Mimi nimechoka na kazi yako.

Nimekaa kwa wifi mpaka kiti kimenizoea. Nimeona yote yaliyopo ya kuona. Kuna cherehani. Kuna makoti. Kuna makoti mengine. Mwanamume aliyeingia ni fundi wa umeme, akatengeneza soketi akatoka, na wifi hakuinua hata macho. Mwenye duka la vifungo nimekwenda kumtazama mwenyewe. Ni mzee wa umri wa babu, na anacheka cheka kwa sababu hasikii unachomwambia. Nimemuuliza bei ya uzi akacheka.

Wifi anaamka mapema kuliko watu wote wa mtaa huu. Anakula amesimama. Juzi juzi nimemuuliza lile swali lako la vifungo, akageuka kunijibu, koti likaungua. Kaka, nilisikia harufu na nikajua ni mimi. Yeye anadhani ni bahati mbaya. Amenibembeleza!

Mama naye anauliza kwa nini siku hizi sikai nyumbani. Namdanganya. Mimi naweza kusema mambo mengi, lakini kunyamaza na jambo tumboni sijawahi kujifunza. Niache nirudi kwetu.

Dada yako


18 Agosti

Dada,

Mtu hapelelezwi siku mbili tatu ukasema umemaliza. Mtu mwenye siri ndiye anayejua kuinamia kazi. Mimi nasimamia stoo, najua: mzigo unaopotea haupotei siku ya ukaguzi.

Yeye ameniandikia nikuambie uache kwenda kwake. Jiulize kwa nini anataka uondoke. Endelea mpaka nitakaposema basi.

Na koti moja ni koti moja, asikutishe.

Kaka yako


22 Agosti

Wewe,

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii nimeishi nayo, na mimi ni mshona nguo, na bado sikuangalia ndani.

Dada yako ameshindwa kubeba. Leo asubuhi alikuja, akakaa, akafungua kinywa anionyeshe kitu kwenye simu, badala yake akasema yote. Ulimwandikia lini, ulimtuma nini, aulize nini, amtazame nani. Koti lililoungua, liliungua nikijibu swali lako. Nikamuuliza kama amekuandikia kwamba koti limeungua. Akasema ndiyo. Nikamuuliza umejibu nini. Akaangalia chini, akaniambia, "Amesema koti moja ni koti moja."

Nataka uelewe kitu kimoja na ukielewe polepole, kwa sababu semina yako haikukifundisha. Mimi sikosi ratiba. Mimi najua saa ya kukata, saa ya kupiga pasi, saa ya kuunganisha mikono. Ninachokosa ni saa ambayo hakuna mtu anayeingia ndani yake na viatu. Ukiwa hapa ulikuwa unaingia wewe. Ukaondoka, ukaingia kwa simu. Nikazima simu, ukamtuma dada yako aingie kwa niaba yako. Ungeweza kuniuliza, "Mke wangu, naogopa, una mtu?" Ningekujibu kwa neno moja na tungeokoa mwezi mzima. Hukuuliza. Umenipa ratiba kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine umeniwekea mlinzi.

Wivu wako ndio umeunguza lile koti. Nakuchukia kwa hilo leo, kesho sijui.

Nimebeba cherehani, meza na pasi. Nyumba nimeifunga. Nilipo hukujui na dada yako hakujui, maana nimemsamehe lakini bado ni Redio. Mpaka tarehe thelathini, mimi si mke wa mtu, ni fundi mwenye kazi.

Sina la kutia sahihi. Mwandiko unaujua.


24 Agosti

Mama, shikamoo.

Natumaini mguu unaendelea vizuri. Nakuandikia kwa haraka na kwa uchungu. Mke wangu amehama. Amechukua cherehani na ameondoka na hasemi yuko wapi. Dada anasema hajui na safari hii nadhani ni kweli.

Mama, mimi sikufanya kosa lolote kubwa. Nilikuwa najali. Mume asipojali wanasema, akijali wanasema. Nilimwomba dada amtembelee, kuna ubaya gani ndugu kutembeleana? Sasa sifanyi kazi. Nikishika karatasi naona simu. Napiga, haipatikani, naweka, nachukua tena. Jana nimempakilia mteja mabati ya mteja mwingine, lori limerudishwa kutoka mbali, bosi amenikalia kooni mbele ya vijana wangu wa kupakia.

Wewe mtaa wote unakusikiliza. Ulizia. Mwambie arudi nyumbani, mambo mengine tutazungumza.

Mwanao


26 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Mguu waache, hukuandika kwa ajili yake.

Hakuna haja ya kuulizia, kwa sababu yuko kwangu. Dada yako alimkuta hapa jioni ile ile, nami nikamkataza kukuambia. Nimempa chumba cha nyuma, kile nilichokuwa nikiweka vifaa vyangu nilipokuwa mkunga. Nimekifagia mwenyewe. Ufunguo ni mmoja na anao yeye. Mimi nikitaka kuingia nabisha, na asipojibu naenda zangu.

Nimezalisha wanawake katika mtaa huu mpaka nimewazalisha na mabinti zao. Kuna saa katika kazi ile huingii na maneno. Waume walikuwa wakinijia mlangoni: mkunga, itachukua muda gani, mkunga, soksi zangu ziko wapi. Nilikuwa nikiwafukuza na beseni mkononi. Sikujua nyumbani nalea mwingine wa namna hiyo.

Unasema hukufanya kosa kubwa. Nyani haoni kundule. Umekwenda kufundishwa kutunza muda, ukarudi kumfundisha mtu ambaye kosa lake ni kukupokelea simu kila ukipiga. Wewe mwenyewe siku mbili tu umekaa na akili iliyokatwa katwa, umepeleka mabati kwa wasiohusika, na unanililia. Yeye amekaa hivyo tangu umuoe, na bado alikuwa anakufulia.

Na dada yako umemfanyia vibaya. Umemtwisha uongo anipelekee mimi mama yake. Sasa nimempa kazi ya kupeleka chakula kile chumba, anakiweka mlangoni na kuondoka bila kusema neno. Kwake hicho ni kifungo, lakini anakitumikia.

Kama una la kusema, usilipitishe kwangu. Mimi nilikuzaa tu, sikukuahidi kukusemea. Njoo mwenyewe, na ukija acha ile sauti yako ya semina huko huko.

Mama yako


30 Agosti, asubuhi, kwa chini ya mlango

Mke wangu,

Nimefika. Nimeomba ruhusa kazini. Nimegonga, nasikia cherehani lakini hujibu. Nifungulie tuzungumze dakika tano tu, kisha nitakuacha.

Mumeo


Gari la shule linakuja saa kumi. Bado nina vifungo. Hapo nje kuna benchi, kaa. Ukigonga tena nitakuandikia neno ambalo hutalipenda, na nitaliandika kwa utulivu.

Fundi


Nimekaa. Sigongi.

Nataka tu ujue kwamba niliogopa. Wenzangu kule wanasimuliana mambo ya wake zao, nami nikawa nayachukua na kuyaweka kwako. Hukunipa sababu hata moja. Nimekosa, na najua nimekosa. Nisamehe.

Je, umekula?


Msamaha unaoombwa na mtu aliyeko nje ya mlango nikiwa na sindano mkononi, siwezi kuupima. Utangoja. Umeniuliza kama nimekula. Nimeacha kifungo, nimetafuta kalamu, nimeinama mpaka chini ya mlango, ili nikujibu kwamba nimekula.


Nimeelewa. Sitauliza kitu tena.

Ila jua limenifikia hapa kwenye benchi. Nisogee wapi?


Hata hilo uniulize mimi?


30 Agosti, jioni, kwa chini ya mlango

Mke wangu,

Nimeona makoti yote yakitoka. Nimeona mwalimu mkuu akigeuza moja baada ya jingine, akivuta mikono, akitafuta kosa asilione. Nimeona akikupa mkono na kukuambia uende kesho kutwa mkazungumze kazi ya mwaka ujao. Nilikuwa nimesimama nyuma ya gari na nilitaka kumwambia kila mtu kwamba huyu ni mke wangu, lakini nikaona sina uso wa kulisema.

Kisha umepita mbele yangu ukaingia, ukafunga tena. Kazi imekwisha. Mama ameshalala, Redio ananiangalia dirishani bila kusema neno, na hilo linanitisha kuliko yote. Sasa una nafasi. Nifungulie.

Mumeo


Ndiyo, nafasi ninayo. Nimeitafuta mwezi mzima kwa meno na kucha, na jambo la kwanza unaloniomba ni nikupe wewe.

Nenda ukalale. Kesho nikiamka, saa nitakayoamka, nitafungua. Ukiwa hapo tutazungumza. Utaanza kwa kumwomba radhi dada yako, mimi nitafuata. Kurudi nyumbani sijakuahidi.

Na humu ndani kukiwa kimya usianze kuwaza. Niko peke yangu. Nalala.